Kutoka Mbeya na Iringa mpaka kwa papa potwe wa Mafia: mwongozo kamili kwa sisi watu wa milimani

Kamwene, mugonile wote. Huku kwetu mtu akitaka kuona wanyama anawaza Ruaha au Mikumi, akijitahidi sana anapanda Kitulo kuangalia maua, ila bahari tumewaachia watu wa Pwani na wazungu utadhani ipo nchi nyingine. Wakati papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, anakaa hapo Mafia, Tanzania hii hii, na mtu wa Uyole au Ipogolo akijipanga vizuri anafika, anamwona kwa macho yake na anarudi kazini bila kuuza shamba. Nimeandika huu mwongozo kwasababu maswali ni yale yale kila siku (twende lini, boti gani, mi sijui kuogelea itakuwaje), na pia kwasababu watu wanaenda kule wanawasumbua wale samaki kwa kutojua tu. Kwahiyo humu kuna yote mawili, namna ya kufika na namna ya kutoharibu, kuyatenganisha siwezi.

HATUA YA 1: Mjue kwanza unayemfuata

Potwe ni samaki, sio nyangumi, anapumulia matamvua na hahitaji kupanda juu kuvuta hewa. Akikua mpaka mwisho anafika hata mita 18, basi la Dar unalopanda pale stendi halimfikii, ila wa Mafia wengi bado vijana, tena madume, wa mita kadhaa mpaka 9 hivi. Usiwadharau kwa huo ujana, huyo wa mita 6 akipita chini ya miguu yako unaweza kusahau jina lako.

Ana meno kama 3,000 lakini madogo mno na hayatafuni kitu, maana chakula chake ni uduvi, mayai ya samaki na vijidudu vya baharini ambavyo vingine hata huvioni. Anaachama, maji yanaingia, yanatokea kwenye matamvua, uduvi unabaki ndani. Pale Kilindoni, mji wa Mafia, uduvi ndio unaowaleta karibu na ufukwe, ukiukosa uduvi na potwe humwoni, hilo likumbuke maana nitalirudia kwenye suala la mito. Binadamu hamo kabisa kwenye chakula chake. Cha kuogopa ni mkia tu, nao sio kwa ubaya, ni kwamba akigeuka ghafla na wewe uko nyuma yake umejibana utapigwa na kitu kizito.

Mgongoni ana madoa meupe na mistari, na hakuna potwe wawili wenye mpangilio mmoja wa madoa. Watafiti wanapiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, halafu programu ya kompyuta inalinganisha madoa inasema huyu ni fulani tulimwona mwaka ule. Na hiyo programu chanzo chake ni mbinu ya wanaastronomia ya kulinganisha nyota angani, aisee mi hilo lilinifurahisha kuliko vitu vyote. Pia wamewahi kuwafunga vifaa vinavyotoa sauti, ikaonekana kwamba potwe wa Mafia hawahami kwenda mbali kama watu walivyodhani, wapo mwaka mzima, ila kuna miezi wanashuka chini na kusogea mbali na ufukwe kwahiyo hakuna anayewaona. Maana yake ukimsumbua huyo mmoja leo, ndio huyo huyo atakayesumbuliwa na watakaokuja kesho na mwakani, hakuna wengine wanaokuja kupokea zamu.

Kuhusu kuzaa kwao, mwaka 1995 huko Taiwan alipatikana jike ana vitoto karibu 300 tumboni, unaweza kusema basi hawa hawawezi kuisha, lakini wanachelewa mno kukomaa na wengi wanakufa mapema, wanagongwa na meli, wananasa kwenye nyavu, kuna nchi waliwavua kwa ajili ya nyama na mapezi. Tangu 2016 wamewekwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, inakadiriwa wamepungua zaidi ya nusu ndani ya miaka 75.

HATUA YA 2: Chagua mwezi, sio siku ya likizo yako

Msimu wa potwe kuonekana ni Oktoba mpaka Februari, mwaka mwingine inasogea mpaka Machi. Hiki ni kipindi ambacho kusi (upepo wa kutoka kusini) imeisha, bahari inatulia, halafu kaskazi (wa kutoka kaskazini) inaingia. Machi mwishoni mpaka Mei ni masika, usijisumbue. Juni mpaka Septemba kusi inavuma, bahari ina mawimbi, boti ndogo ni mateso, ila ndio miezi mizuri ya kuona vitoto vya kasa vikianguliwa kisiwani Juani, na nyangumi wenye nundu nao wanakuwa wamepanda kutoka bahari ya kusini kule Antaktika kuja kuzaa kwenye maji ya joto, kuanzia Julai mpaka kama Oktoba wanapita mwambao wetu. Kwahiyo potwe na kasa wanaoanguliwa kwa safari moja ni ngumu, chagua kimoja.

Sasa kwa sisi wa nyanda za juu kuna tatizo ambalo miongozo ya watalii haiongelei, Novemba na Desemba ndio mvua za kwanza, watu wako shambani na mahindi, hela yote imeenda kwenye mbegu na mbolea. Halafu katikati ya Desemba mabasi ya kutoka Dar kuja mikoani yanajaa wanaorudi kula Krismasi, unaweza kukwama Dar siku mbili. Mimi kwa maoni yangu wiki nzuri ni za mwisho wa Oktoba kabla hujaanza kupanda, au Februari palizi ikipungua. Ukiweza, uliza pia kuhusu maji yenyewe, siku za bamvua maji yanajaa na kupwa kwa nguvu na ratiba za vyombo zinayumba.

HATUA YA 3: Pesa na watu

Hapa nitakuwa mfupi. Bei sitaji maana zinabadilika na utanilaumu. Andika hivi kwenye daftari: nauli ya basi mpaka Dar kwenda na kurudi, kulala Dar usiku mmoja kila upande, nauli ya Nyamisati (bandari ya kuvukia), kivuko, gesti Kilindoni, chakula, boti ya potwe, ada ya hifadhi ya bahari ukienda Utende, upande wa pili wa kisiwa. Kitu kikubwa hapo ni boti, na boti inakodiwa nzima, kwahiyo mkienda watu 6 mpaka 8 kila mtu anachangia kidogo tu. Beba kitambulisho cha NIDA, ada ya Mtanzania iko chini sana kuliko ya mgeni lakini lazima uthibitishe. Malipo ya hifadhi yanapita kwenye namba ya malipo ya serikali, mtu akikwambia mpe mkononi atakusaidia, mshukuru na uendelee na safari yako.

HATUA YA 4: Zoea maji kabla hujaondoka

Hii ndio hatua ambayo watu wa milimani wanairuka na ndio muhimu kuliko zote. Wengi wetu hatujui kuogelea, hamna aibu, tumekulia kwenye baridi nani aingie mtoni. Lakini mtu asiyezoea maji akishushwa kwenye bahari ya wazi anapaniki, na akipaniki anashika chochote kilicho karibu, na safari hii kilicho karibu ni samaki.

Kwa wa Mbeya nenda Matema, pale Kyela, Ziwa Nyasa. Maji ya joto, ufukwe wa mchanga, na ukisogea upande wa milima ya Livingstone kuna mawe ambayo ukiweka uso ndani ya maji unaona samaki wadogo wa rangi rangi, wa bluu, wa njano, ambao wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Kwahiyo mazoezi yenyewe tayari ni safari. Waulize wenyeji wapi pa kuogelea, midomo ya mito kaa mbali nayo kwasababu ya mamba, na kichocho kipo kwenye maji ya ziwa yaliyotulia yenye majani, chagua sehemu ya wazi yenye mawimbi. Wa Iringa tafuteni hoteli yenye bwawa. Ziwa Ngozi tafadhali msiende kufanyia mazoezi, ni refu kwenda chini na la baridi, ni la kuangalia tu.

Unachofanyia mazoezi ni vitu vitatu: kulala kifudifudi juu ya maji ukiwa na jaketi la kuokolea bila kuhangaika, kupumua kwa mdomo kupitia ule mrija wa maski, na kutoa maji kwenye maski yakiingia bila kusimama. Mtoto wa darasa la nne anajifunza ndani ya siku moja, mtu mzima mwenye hofu inaweza kuchukua wikiendi. Ukishindwa kabisa bado nenda, utamwona ukiwa juu ya boti, potwe anakula juu juu na mgongo unaonekana vizuri tu.

HATUA YA 5: Njia yenyewe

Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, Iringa ni kama 500. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku kwahiyo unaweza kuondoka jioni ukaamkia Mbezi, lakini mimi napenda mchana, kwasababu moja ambayo ina uhusiano na safari hii. Ukikaa dirishani utaona njia nzima ya maji. Unapita Chimala na Igurusi ambako mito inashuka kutoka Uporoto na Kipengere kwenda bonde la Usangu, Iringa unavuka Ruaha Mdogo pale Ipogolo, unashuka Kitonga, ukifika Ruaha Mbuyuni unaukuta Ruaha Mkuu wenyewe. Hayo maji yameshapita Mtera huko juu, yanaenda Kidatu, yanaingia Rufiji, yanatokea baharini kwenye delta, na mbele ya delta ng'ambo ndio kuna Mafia. Wewe na mto mnaenda sehemu moja. Treni ya TAZARA pia ipo kutoka Iyunga na inapita katikati ya pori, inapendeza, ila ratiba yake usiifungie kivuko.

Dar ukishuka stendi ya Magufuli lala, kesho alfajiri nenda Mbagala Rangi Tatu, hapo ndio kuna magari ya njia ya Kilwa. Unataka linaloenda Nyamisati, wilaya ya Kibiti, barabara inakunja kushoto kuelekea baharini. Nyamisati ni bandari ndani ya mikoko, chombo kinaondoka kwa kufuata maji, leo asubuhi, wiki ijayo mchana, kwahiyo piga simu siku moja kabla na usimsikilize mtu anayekwambia "kipo muda wote". Kuna kivuko cha serikali na kuna boti za watu binafsi. Panda chenye majaketi ya kuokolea, kikijaa kupita kiasi subiri kingine hata kama wenzako wanakucheka. Mwenye kichefuchefu cha basi ajue bahari ni zaidi, aongee na mfamasia kabla, asile chapati za mafuta asubuhi hiyo, akae nyuma katikati na aangalie mbali.

Mwenye haraka na hela kuna ndege ndogo kutoka Dar, nusu saa hivi umefika.

Kitu kingine, sisi wa baridi kinga yetu ya malaria ni ndogo kuliko ya watu wa Pwani, chandarua usiku sio hiari.

HATUA YA 6: Kilindoni, na kuchagua nahodha

Mafia ni kisiwa cha Waislamu, watu wastaarabu na watulivu, vaa vizuri mjini, mzee mpe shikamoo yake, kaptura na kanga za kuogelea ziwe za kwenye boti tu. Ukipanga chumba Kilindoni uko karibu kabisa na potwe, wako upande wa magharibi wa kisiwa, ufukwe ule unaotazama bara. Wageni wengi wanalala Utende upande wa pili kwenye hifadhi wakidhani potwe wako humo, hapana, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa 1995, ya kwanza nchini, inalinda zaidi matumbawe ya ghuba ya Chole na visiwa vya kusini. Potwe wako nje ya mipaka yake, katikati ya wavuvi. Ndio maana tabia yako na ya nahodha wako ina uzito, hakuna askari wa hifadhi anayesimama pale kukuangalia.

Jioni ukifika usikimbilie boti ya bei chee. Zunguka, ongea na manahodha wawili watatu, uliza maswali haya na usikilize wanavyojibu: unaingiza watu wangapi majini kwa mara moja? Ukikuta boti nyingine tayari iko na potwe unafanyaje? Injini unaifanyaje ukimkaribia? Nahodha mzuri atakwambia watu wasiozidi 10, hata wachache zaidi, atakwambia anasubiri zamu mbali, atakwambia anapunguza mwendo mapema na kuitoa gia akishamkaribia. Anayekuahidi "utamshika, utapiga naye picha umemkumbatia, asilimia mia" achana naye hata akikupa bure. Na anayesema lazima mtamwona pia simwamini sana, huyu ni mnyama wa porini na bahari ni kubwa, kuna siku hamna kitu.

Hapa niseme neno kuhusu wavuvi. Utawakuta na nyavu za kuzungushia wakivua dagaa sehemu hiyo hiyo, maana dagaa na potwe wote wanafuata chakula, na mara nyingine potwe anaingia ndani ya wavu. Mgeni akiona hivyo anaanza kupiga kelele na kurekodi video ya kuwaaibisha. Tulia. Mara nyingi wanamtoa akiwa hai, ni samaki mkubwa anayewachania wavu wa hela nyingi, hawana faida naye. Wale ndio wenye bahari, na bila wao kumvumilia yule samaki sisi tusingekuwa na cha kwenda kuangalia.

HATUA YA 7: Ndani ya maji

Toka asubuhi mapema. Vaa nguo ya mikono mirefu na taiti, inakukinga na jua na huhitaji kujipaka mafuta ya jua, mengine yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Maski jaribu ukiwa nchi kavu, ivutie puani, ikishika bila kamba ni saizi yako.

Nahodha akimwona atatangulia mbele ya uelekeo wa potwe, sio kumfukuza kwa nyuma. Mnakaa ukingoni mwa boti tayari, akisema ingia mnateleza taratibu, sio kuruka. Mtu mmoja akiruka bomu potwe anazama, na akishazama watu wote kumi mmekosa kwa ajili ya mtu mmoja anayetaka kuonekana shujaa. Weka uso majini, tulia, utaona kwanza maji ya kijani yenye vumbi vumbi (huo ndio uduvi na wenzake, sio uchafu), halafu madoa yanaanza kutokea.

Kaa mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani. Ogelea pembeni yake usawa wa bega, usimkatishe mbele, usiende chini ya tumbo lake, usipige picha kwa flashi, na usimguse hata kama yeye ndio kakusogelea. Watu wanaulizaga kugusa kuna ubaya gani na ngozi yake nene vile. Ngozi ni nene kweli, lakini akiguswa anaacha kula na kuzama, na yeye amekuja pale juu kwa ajili ya kula. Piga hesabu msimu mzima, boti kwa boti, kila siku, anaachishwa mlo mara ngapi. Ukiona anajikunja mgongo kukugeuzia, anazungusha macho au anaongeza mwendo ghafla, amechoka na nyie, rudini botini.

Wakati mwingine anasimama wima, mkia chini mdomo juu, anavuta uduvi kama dakika kadhaa bila kusogea. Ukikutana na hiyo usiogelee popote, elea tu. Hutaona kitu kizuri zaidi ya hicho siku hiyo.

Dakika 20 hivi na potwe mmoja zinatosha, wapisheni wengine.

HATUA YA 8: Ukibakiwa na siku

Nenda Utende, lipa ada, vuka ghuba ya Chole. Matumbawe utayaona hata kwa maski tu maji yakiwa yamekupwa kiasi, ila usisimame juu yake, ni wanyama hai wadogo wanaojenga taratibu mno, sentimita chache tu kwa mwaka na mengine hata moja haifiki, na hatua moja ya kiatu inavunja kazi ya miaka. Kwenye mchanga wa maji mafupi buruta miguu badala ya kuinua, samaki wanaoitwa taa wanajifukia humo na mwiba wa mkia wao ni hospitali. Chole kuna magofu na popo wakubwa wanaolala mchana juu ya miti, Juani kuna magofu ya Kua.

Kasa nao wapo. Tanzania ina aina tano, wanaotaga kwetu ni wawili, kasa wa kijani na ng'amba. Jike anarudi kutaga eneo alikoanguliwa mwenyewe, baada ya miaka 25 au zaidi baharini, anaacha mayai mia na kitu kwenye mchanga na kuondoka. Mayai yanakaa karibu miezi miwili, na joto la mchanga ndio linaamua jinsia, mchanga wa moto unatoa majike, wa baridi madume, kwahiyo dunia ikizidi kupata joto hesabu inaharibika. Ukienda Juani kuona vikianguliwa nenda na wale wanakijiji wanaolinda viota, usiwashe tochi, na usivibebe kuvisaidia kufika majini, viache vitambae vyenyewe.

Kuna mtu huwa anauliza kimya kimya kama nyama ya kasa inapatikana. Kwanza ni kosa kisheria. Pili inaua: Machi 2024 kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kuila, 8 kati yao watoto. Sumu yake haiondoki kwa kupika.

Nguva sitakudanganya kwamba utamwona. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa ndio kimbilio lake la mwisho hapa nchini, anakula majani ya baharini, anazaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka kadhaa, na jarife, ule wavu mkubwa wa kutega, limemmaliza. Ukisikia mvuvi anasimulia amemwona, msikilize mpaka mwisho.

HATUA YA 9: Mzigo wa kurudi nao

Zawadi za makombe, vipande vya matumbawe, kitu chochote cha magamba ya ng'amba, usinunue. Nunua ukili uliosukwa, mikeka, nazi, pweza mkavu kama unapenda.

Na ukifika Mwanjelwa au soko kuu la Iringa endelea na macho hayo hayo. Samaki wa bahari aliyeuawa kwa baruti ana dalili, uti wa mgongo umevunjika, nyama imelegea vibaya, damu ndani ya tumbo na machoni, wakati hana alama ya ndoana wala wavu. Baruti inaua kila kitu pale ilipolipuka mpaka matumbawe. Papa mkavu pia mimi nimemwacha, najua wengi mtanichukia maana na ugali anapanda sana, lakini papa wengi wanazaa wachache na kuchelewa, hawawezi kasi yetu ya kula. Dagaa je? Kula tu.

HATUA YA 10: Kazi inayobaki huku juu

Picha zako za ubavu wa kushoto wape waongozaji au watafiti wa pale Mafia, pamoja na tarehe. Inaweza kuwa potwe ambaye hajawahi kuandikwa.

Halafu turudi kwenye uduvi. Mto Rufiji unamwaga matope na virutubisho kwenye mlango bahari wa Mafia, delta yake ina mikoko zaidi ya hekta 50,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, kamba na samaki wadogo wanakulia humo. Na sehemu ya maji hayo ni yetu. Tangu 1993 Ruaha Mkuu unakauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi, kwasababu huku juu tunayachukua mapema mno na vyanzo tumevilima. Simlaumu mkulima wa Mbarali peke yake, mpunga wake tunaula wote.

Angalia kwanza maji ya kwenu yanaenda wapi. Ya Chimala, Mbarali, sehemu ya Makete, Mafinga, Iringa mjini na Njombe yanaishia Rufiji, mengine kwa Ruaha, mengine kwa Kilombero. Ya Tukuyu na Kyela yanaingia Ziwa Nyasa, yanatoka na mto Shire kwenda Zambezi, yanafika bahari hiyo hiyo lakini Msumbiji. Ya upande wa Songwe ya Chunya yanaishia Ziwa Rukwa, halina mlango wa kutokea.

Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto zisiwe na shughuli za kudumu za kuharibu, na hapa ndio vita vya vinyungu (bustani za mabondeni kando ya maji) vinaanza, maana familia nyingi kiangazi zinakula kutoka kwenye vinyungu. Kwenda na amri hakufanyi kazi. Kinachofanya kazi ni kukaa na wenye vinyungu kwenye mkutano wa kijiji, kukubaliana kuanza na eneo la chanzo chenyewe, pale maji yanapotoka, kuondoa mikaratusi inayonyonya, kupanda mikuyu na mivengi, halafu kushuka mwaka hadi mwaka. Kama eneo lenu lina jumuiya ya watumia maji jiunge, kama halina, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ofisi zake ziko Iringa mjini. Ukienda chukua muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye muhuri wa mtendaji, jina la mto na picha za chanzo za masika na za kiangazi, na miche uwe umeshaiotesha mapema ili mvua ya kwanza ikidondoka iingie ardhini.